Sahihi Yako Chini ya Picha ya Mama

Chumba cha mbele,
Nyumba ya Mkunga,
Uchochoro wa Nyuma ya Karakana.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana ndivyo mama alivyotulea: hata ukija kugombana na mtu, mjulie hali. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wanao wanaendeleaje na baridi ya huko? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kubeba mizigo ghalani, umepata nafuu? Mimi ni mzima. Miguu inavimba nikikaa sana kwenye cherehani, lakini hiyo si habari mpya. Shangazi naye yupo, anakohoa na kusengenya kama kawaida yake.

Baada ya salamu, barua yako ya pongezi nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unasema picha ya mama umewaonyesha watu wote kazini, na kwamba dada yako ameugeuza uchochoro wa taka kuwa mahali ambapo wageni wanapigana vikumbo kupiga picha. Asante. Sifa hizo zingekuja mwaka jana ningezivaa nikatembea nazo barabarani. Sasa zinanichoma, na nitakueleza kwa nini, maana nisipokueleza nitapasuka.

Ni kweli uchochoro umebadilika, sitakudanganya. Unakumbuka lile rundo la taka pale kona, lilivyokaa miaka mpaka paka wake wakawa na mwenyekiti. Unakumbuka taa isiyowaka, hata wateja wangu wa kike wakawa wananiletea vitambaa asubuhi tu. Basi akaja binti mmoja mchoraji, tunamwita Brashi, na wenzake watatu, suruali zimetapakaa rangi. Wakaomba kuta za watu wachore. Watu wakakataa. Kinyozi akasema hawa leo wanachora maua, kesho watatuchorea makalio. Nani alizunguka mlango kwa mlango kuwabembeleza? Mimi, mdogo wangu, kwa miguu hii hii iliyovimba. Niliwaambia ukuta usio na rangi unaita mkojo, na wote tunajua mkojo wenyewe ni wa nani. Wakacheka, wakakubali.

Tulizoa taka siku tatu. Wakachora kuta zote, kutoka kwa kinyozi mpaka kwa fundi redio. Taa ikawekwa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi pakawa na maonyesho: muziki, maigizo, watoto wa shule wanachora chini kwa chaki, vijana wanauza picha zao walizozianika kwenye kamba. Wageni wakaanza kuja. Kinyozi akaongeza kiti cha pili. Mimi nikapata kazi mpaka nikawa nazikataa, jambo ambalo tangu nishike sindano halijawahi kunipata.

Halafu Brashi akauomba ukuta wetu wa ubavuni. Akawauliza watu, mtaa huu unamkumbuka nani? Wakajibu kwa kinywa kimoja: mkunga. Nusu ya waliojibu walipokewa na mikono ya mama siku walipozaliwa. Nikampa Brashi ile picha ya kitambulisho, ile ambayo mama amekunja uso kama aliyekanyagwa kidole. Akamchora mrefu kuliko mlango, anacheka, mikono wazi, meno yote mdomoni. Mama na meno yote! Nikamuuliza, wewe, huyu ni mama wa nani? Akaomba radhi, akataka kurekebisha. Nikamwambia mwache, huenda huko aliko wamempa mengine. Siku ya kuufunua ukuta nililia mpaka Shangazi akanifinya.

Ndipo Tajiri Mdogo alipoanza kupita. Unamjua, mtoto wa marehemu mwenye nyumba wetu, yule aliyekuwa akija na baba yake anabaki garini kwa kuogopa matope. Miaka na miaka hakuukanyaga uchochoro huu. Sasa akawa haikosi Jumamosi hata moja, anasimama mbele ya mama mikono nyuma, anawatazama wageni zaidi ya anavyoitazama picha. Mwezi wa pili wa mwaka huu akanijia kibarazani kwa adabu kubwa.

"Dada," akasema, "mama sasa ni wa mtaa mzima. Chumba hiki tukifanye mahali pa kumkumbuka. Watu wapate pa kukaa, wanywe chai, watazame picha zake."

Nikamuuliza, na mimi nitalala wapi, juu ya birika? Akacheka. Akanipa karatasi niitie sahihi. Nikamrudishia bila kuikunjua.

Jeuri hiyo ilitokana na mkataba. Unaujua, uko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nakala yake iko ofisi ya mtaa. Baba yake aliuandika kwa mkono wake siku mama alipomzalisha mkewe mtoto aliyetanguliza miguu, na mtoto mwenyewe ndiye huyu huyu Tajiri Mdogo. Umeandikwa hivi: mkunga na wanawe wakae katika chumba hiki na kibaraza chake mpaka wenyewe watakapotaka kuondoka. Kwa hiyo siku ile nilimtazama akienda zake na karatasi yake, nikaendelea kukunja pindo la suruali ya mteja.

Sasa nisikilize. Jumatatu iliyopita niliitwa ofisi ya mtaa. Karani akaniambia familia ya mkunga imekubali kuondoka, nimepewa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Nikamwambia familia ya mkunga ni mimi. Akasema, kuna mtoto wa kiume. Akanionyesha sahihi.

Mdogo wangu, niliapa. Mbele ya watu saba waliokuwa kwenye benchi wakisubiri shida zao, niliapa kwa jina la mama kwamba sahihi ile imeghushiwa. Nikasema mdogo wangu hawezi, chumba kile alitambaa humo, hawezi. Nikamwita karani mwizi. Nikamwita Tajiri Mdogo jina ambalo siwezi kuliandika hapa wifi akaja kulisoma. Karani wala hakukasirika. Alitoa simu yake, akaniwekea ujumbe aliotumiwa na Tajiri Mdogo. Nikasikia sauti yako.

"Sawa kabisa, kaka, nimeshasaini. Dada atafurahi sana huyo! Msimwambie mpaka siku yenyewe."

Sauti yako wewe, na kile kicheko chako cha puani. Watu saba wakawa wanatazama viatu vyao. Nilimwomba karani msamaha, nikatoka. Nilirudi kwa miguu njia nzima na sikumbuki niliyepishana naye.

Najua ilivyokuwa, usijisumbue kunieleza. Alikupigia, akakuita mtoto wa mkunga, akakwambia mtaa unataka kumheshimu mama. Akakuvika kilemba cha ukoka, nawe ukamnyooshea shingo. Akasema ni jambo la kumshtukiza dada yako, basi ukaona umepata zawadi ya kunipa kutoka mbali bila jasho. Karatasi zilikuwa mbili, zote karani amenionyesha. Ya kwanza ina picha ya mama na maneno matamu. Ya pili ndiyo yenye chumba: kwamba sisi, wana wa mkunga, tumetaka wenyewe kuondoka. Ulisoma ya kwanza. Simu moja tu ingetosha! Unanipigia kuniuliza maharage yalowekwe saa ngapi, lakini hili hukuniuliza.

Na hilo linaniuma kuliko chumba chenyewe. Mimi nilikuwa nimekataa, kwa kinywa changu, mimi ninayelala humo, mimi niliyemgeuza mama kitandani miaka miwili. Wakaona kukataa kwangu si kitu. Wakatafuta mwanamume, wakampata, akakubali kabla chai yake haijapoa. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Nina hasira na wewe, sitaki kuificha. Nina hasira mpaka nashona kombo. Juzi nimemshonea mwalimu mikono miwili ya kushoto.

Nilimfuata Tajiri Mdogo. Nikamwambia ndugu yangu hakuisoma ile karatasi. Akasema pole sana, mtu mzima husoma anachokitia sahihi. Halafu, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, akanipa kazi! Anataka Jumamosi za maonyesho niwe nakuja na cherehani yangu, nikae kibarazani chini ya mama, nishone wageni wakinitazama. Siku zilizobaki kibaraza kitakuwa cha meza za chai. Nikamuuliza, nikishamaliza kutazamwa nirudi wapi? Akasema hayo ni mambo ya familia.

Brashi nimemweleza. Alikaa juu ya ndoo yake ya rangi akalia, akasema niseme neno moja tu, atampaka mama chokaa leo leo, tuone watakuja kunywa chai mbele ya nini. Nikakataa. Mama nimeshamzika mara moja, inatosha. Wala binti wa watu hana kosa, alituomba ukuta, tukampa. Kinyozi amekwisha hamishwa tangu mwezi uliopita, na banda lake sasa ni duka la fulana zenye uso wa mama. Fundi redio anasubiri zamu yake. Ndio sisi sisi tuliozoa taka, na sasa tunazolewa sisi.

Ninalotaka kwako ni moja. Iandikie ofisi ya mtaa, kwa mkono wako, useme karatasi ya pili hukuisoma na hukubaliani nayo. Karani ameniambia ikifika kabla ya mwisho wa mwezi wa saba huenda ikasaidia. Huenda pia isisaidie, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ningeandika mwenyewe, lakini nimekwisha ambiwa kwamba mimi si familia.

Na usiniambie utafikiria, kwa sababu najua kinachokufanya ufikirie. Jina lako nimeliona kwenye bango, limebandikwa mlangoni kwangu: mgeni wa heshima, mtoto wa mkunga, kukata utepe Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Tajiri Mdogo amemwambia Shangazi kwamba tiketi yako ameilipa yeye na kwamba umekubali. Ukiandika barua ninayokuomba, tiketi hiyo itafutwa na hutakata utepe wowote. Usipoandika, basi njoo, karibu sana. Utepe utafungwa kwenye mlango huu huu ninapoandikia barua hii. Nami nitakuwepo, nitasimama na watu, nitakupigia makofi, maana mtu akifika kwao hazomewi. Ila mwambie mwenyeji wako akutafutie pa kulala, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe dada yako hatakuwa na mahali pa kukutandikia.

Shangazi anakusalimu. Amenisihi nisikuandikie haya, eti utashindwa kula. Nimemwambia utakula tu. Ameniahidi kona ya jiko lake, cherehani ikiingia mlangoni, na tumepima, haiingii. Brashi anamsalimu mtoto wa mwanamke aliyemchora. Nisalimie wifi, wala usimfiche barua hii, naye ana akili kuliko wewe. Wanao wabusu kwa niaba yangu, waambie bibi yao alikuwa na pengo mbele na alikuwa mzuri nalo.

Mungu akulinde huko ugenini, akuepushe na maradhi na watu wenye maneno matamu, na mkono wako aufanye mwepesi wa kuandika kama ulivyokuwa mwepesi wa kusaini.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, ambaye kukupenda hajaacha, ingawa wiki hii nzima amejaribu.