Miti Sita Iliyobaki

Papa yangu mpendwa, popote ulipo,

Jumamosi wanataka kukusomea misa ya marehemu. Baba mdogo amekwisha kuzungumza na padri, Mama amekubali bila kuinua macho, nami, binti yako wa kwanza na mwenye shahada ya lisansi, nimepewa heshima ya kusoma ushuhuda wa maisha yako. Nakuandikia wewe kwanza, kwa kuwa kuna jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hii anayelijua.

Unakumbuka miche yetu nyuma ya nyumba, mtaani Majengo? Ulileta mbegu za mti wa musave kutoka kwenu Butembo, kwenye ukungu na mvua, ukaziotesha katika mifuko myeusi juu ya mawe ya volkano. Ulipandisha maji kutoka ziwani kwa bidoni za njano, na jirani yetu hakukuacha upite kimya.

"Muzee, hii miti inaoga kutushinda siye watu!"

"Inaoga sababu haisengenyi mutu," ukamjibu.

Hata hivyo majani yake mapana yalilegea kila adhuhuri. Mvua ya Goma ni nyingi, lakini mawe haya hayahifadhi hata tone. Ndipo nilipokueleza, kwa sauti niliyoipenda mno wakati ule, kwamba mti huchukua umbo la hali ya hewa ya kwao: musave wa tambarare kavu ya Rwindi, ingawa ni jamii ileile, ungekuwa na jani dogo na nene, na ungetumia maji kwa uangalifu. Memwari yangu, ule utafiti wa mwisho wa masomo, ilihitaji kuikuza miti ya pande hizo mbili bega kwa bega. Ukaenda, Papa. Ukarudi baada ya siku nne, umejaa vumbi, mbegu zimefungwa ndani ya shati lako.

Nikakuuliza zimetoka kwenye miti mingapi.

"Moya. Lakini muzuri, mama, ungeuona!"

Nikasema hazifai. Mbegu za mti mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Haziwezi kusema habari za nchi nzima. Inatakiwa miti kumi, nikasema, kila mmoja mbali na mwenzake. Sikukupa hata maji ya kunywa kwanza.

"Kumbe ile moya inadanganyaka?" Ulicheka. Kesho yake uliondoka tena, ukamwambia Mama unakwenda kumsalimia rafiki katika mji wa Kiwanja, njia ileile ya Rwindi. Ulinisitiri.

Simu yako ya mwisho ilikuwa fupi: "Nimepata miti ine. Bado sita." Wiki ileile mapigano yakaifunga barabara. Nimekuulizia kwa madereva wa malori, kwa waliokimbilia kambi ya Kanyaruchinya, hadi mpakani Bunagana. Huu ni mwezi wa nane tangu simu ile.

Zile za mti mmoja nilizipanda. Kila asubuhi nilipima mifuko kwa mzani wa maharage wa Mama, nikajua kila mche umekunywa kiasi gani. Majani yalitoka madogo, magumu, na kwa maji yaleyale miche hiyo ilijenga shina nene kuliko ya Butembo. Siku ya kutetea memwari, profesa mmoja aliuliza kwa nini mti mama ni mmoja tu. Nikajibu: "Kwa sababu ya hali ya usalama." Walipiga makofi. Papa, nilijibu vizuri mno.

Sasa mtaani wanasema Kiwanja ulikuwa na mwanamke, na Mama ameanza kuamini. Ameikunja suti yako akaiweka chini ya kitanda. Anakulilia kwa hasira, nami nimekaa kimya na diploma yangu ukutani.

Jumamosi nitasimama mbele ya watu wote niseme: hakukuwa na rafiki wala mwanamke, ni mimi niliyemrudisha kule. Sijui Mama atanitazama vipi baada ya hapo. Lakini kama ungali hai, nakusihi, ingia kanisani unikatize. Njoo mikono mitupu, Papa. Usiniletee hata mbegu moja.

Mwanao wa kwanza,
aliyekutuma