Mtu wa Pili Ndani ya Gari

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Burbank, California
Tarehe 23 Juni 2023, saa 4:15 asubuhi

Jina: Talin Keshishian
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwandishi wa vipindi vya televisheni
Makazi: Glendale

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya mbele ya Sajenti Ofelia Tarango. Sikuitwa. Nimekuja kwa sababu ya video inayosambaa kwenye simu za watu, inayomwonyesha Bwana Desmond Broussard, miaka 68, akilipiga gari kwa bango kabla hajaanguka. Nimesikia anaweza kushtakiwa kwa kulishambulia gari hilo. Video ni ya kweli, ila imepigwa upande mmoja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo.

Mimi na Bwana Broussard ni wanachama wa chama cha waandishi. Tumegoma tangu tarehe 2 Mei, na mgomo ukiwepo hakuna mwanachama anayeruhusiwa kuiandikia studio hata mstari mmoja. Jimbo letu halimpi aliyegoma posho ya wasio na kazi. Bwana Broussard amekwenda Sacramento mara kadhaa kuwabembeleza wabunge wabadilishe sheria hiyo, na kila akirudi hutuambia, "Wamenipa kahawa. Sheria bado." Yeye ndiye msimamizi wetu kwenye lango la mashariki la Studio za Alderway. Mimi wenzangu huniita Mama Lahmajun, kwa kuwa mikate hiyo ya nyama ya kusaga ndiyo ninayowapelekea pale langoni.

Mume wangu, Vahe, anatibiwa saratani ya damu. Bima yetu ni ya chama, na mtu huipoteza asipoandika kazi za kutosha. Yetu ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi huu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Pale langoni wapo wengi wenye wagonjwa nyumbani, na wao hawakupanda gari lile.

Mnamo tarehe 18 Juni mtayarishaji Craig Lindqvist alinipigia simu. Kipindi chake kilikuwa bado kinarekodiwa na mwisho wake ulikuwa umemshinda. "Njoo asubuhi moja tu, Talin," alisema. "Mkataba nitauandika tarehe ya Aprili, kabla ya mgomo. Nani atajua?" Nilimuuliza kwa nini nisiandikie nyumbani, akasema skripti haitoki nje ya jengo. Nikakubali hapo hapo. Sikuomba hata usiku mmoja wa kufikiri, na hilo linaniuma kuliko kukubali kwenyewe.

Mnamo tarehe 20 Juni, majira ya saa 2 asubuhi, nilimwambia Vahe nakwenda langoni. Kwa kweli nilikwenda langoni. Lindqvist alinichukua kwenye maegesho ya duka la dawa, nikalala sakafuni nyuma ya viti vya mbele, akanifunika koti lake.

Tulifika saa 2:20. Utaratibu wetu ni kuzunguka mbele ya gari kwa muda mfupi, kisha kuliacha lipite, maana sheria hairuhusu kuziba njia. Bwana Broussard ni mkali kwa hilo kuliko polisi. Nikiwa chini nilisikia sauti za wenzangu, na zote nazijua.

"Huyu Lindqvist anaandikiwa na nani siku hizi, paka wake?" mmoja aliuliza.

"Wapi. Paka angedai mkataba."

Wakacheka. Ni mzaha mzuri, mimi mwenyewe ningeusema.

Bwana Broussard alikuja dirishani kwa dereva. "Za asubuhi, bosi. Nipe dakika moja niwatoe vijana wangu." Lindqvist akamjibu, "Fanya haraka, mzee." Nikasikia njia ikifunguliwa mbele. Bwana Broussard akapita ubavuni mwa gari kurudi nyuma. Koti lilikuwa limeniteleza usoni. Alipoinama kwenye kioo cha mlango wa nyuma tuliangaliana.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Nyuma yake mtu aliuliza, "Kuna nini humo, Desmond?"

"Hamna kitu," alisema. "Koti tu."

Hapo ndipo alipolibandika bango lake kwenye kioo kwa nguvu, akalishikilia kwa mikono miwili, na mimi nikabaki gizani. Hilo ndilo pigo linaloonekana kwenye video. Hakuwa analishambulia gari. Alikuwa ananificha wenzake wasinione.

Lindqvist alisikia ule mlio, akatazama kioo chake cha pembeni, akasema, "Katuona," akakata usukani na kuondoa gari kwa kasi. Nilisikia kishindo, kisha sauti ya Bwana Broussard. Nilimwambia Lindqvist asimame.

"Nikisimama watakukuta humu," alisema. "Unataka nisimame?"

Nilinyamaza. Naomba hilo liandikwe kama lilivyo.

Tuliingia ndani, nikakaa mezani, nikaandika ule mwisho wa kipindi. Ulitoka vizuri.

Nimeambiwa Lindqvist ameeleza kituoni hapa kwamba alikuwa peke yake garini na kwamba mzee alijirusha. Hakuwa peke yake, na mzee hakujirusha.

Jana, tarehe 22 Juni, saa 9 alasiri, nilikwenda hospitali. Bwana Broussard amevunjika nyonga. Nilimuuliza kwa nini aliwaambia polisi kwamba alipandwa na hasira, na kwamba garini hakuona mtu mwingine.

"Hasira za mzee zinaaminika upesi," alisema. Kisha akaniuliza, "Vahe anaendeleaje?"

Leo nimekuja hapa. Hayo ndiyo niliyoyasikia, niliyoyaona na niliyoyafanya, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: T. Keshishian

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya, amekiri kuwa ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Ameomba nakala ya kupeleka chamani kwake. Nilimfahamisha kwamba sheria haimlazimishi kufanya hivyo na kwamba anaweza kufukuzwa uanachama. Alijibu kuwa anajua. Nimempa nakala. – Sajenti O. Tarango