Mama Alijibu Nisichouliza

Mwenzangu, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Si nilikuambia tunapima damu ya wagonjwa wa maumivu ya viungo pale maabara, na nikatoa yangu ilinganishwe kama ya mtu asiye na ugonjwa?

Leo bosi ananiuliza, "Hii ya mzima umeitoa kwa nani? Chembe zake za kinga zikiguswa kidogo tu zinawaka. Vinasaba havina kasoro, ila alama za kemikali zilizobandikwa juu yake ni kama za mtu aliyewahi kuugua hadi karibu kufa. Hizo alama huweza kukaa miaka." Akasema hana hakika, huenda ni kitu kingine.

Mimi sijawahi kulazwa. Unajua mama anavyojisifia hilo.

Nikampigia. Nimemuuliza hivi tu, neno kwa neno: "Mama, niliwahi kuugua sana utotoni?"

 

Akasema, "Nani amekuambia nilikuacha?"

Nilikuacha. Mimi sijauliza hilo, nimeuliza kuugua.

Akaendelea mwenyewe, taratibu, kama anayesoma. Nilikuwa na miezi saba, sumu imeingia kwenye damu, madaktari wamekata tamaa. Akaniacha wodini akaondoka. Siku ya tisa akarudi kuchukua maiti yangu, akanikuta mapajani kwa mfagizi, nanyweshwa uji.

"Ulinitazama," akasema, "kisha ukamgeukia yule mama mfagizi."

Kesho mama anakuja kuniona. Sijui nitamfungulia mlango kwa uso gani.