Kisiki Juu ya Chemchemi

Jumanne, 11 Februari
Zamu yangu ya doria msituni. Niliongozana na Mama Dama, mwenyekiti wa kikundi chetu. Kiangazi kimekaza lakini chemchemi inatoa maji. Kabla hatujaanza kuulinda msitu huu, mwezi kama huu tulikuwa tukiteremka na madumu mpaka mto Sabaki, tukirudi adhuhuri. Leo ndoo imejaa nikiwa bado nasalimiana na wenzangu. Kazi yetu hii, wanawake wa Jilore. Najivuna, na sijali.

Jumatano, 12 Februari
Kisiki. Mti mzima wa mbambakofi, mbichi, umekatwa kwenye mteremko juu ya chemchemi. Utomvu haujakauka. Sheria yetu hata watoto wanaijua: kuni kavu tu, mti mbichi haukatwi. Nimetukana njia nzima.

Alhamisi, 13 Februari
Mwizi nimempata. Ni mume wangu.

Safari ni seremala. Nilimpelekea chai karakanani, nikaona turubai pembeni. Chini yake mbao za mbambakofi, nzito, bado zina maji.

"Mama Kadzo, kuna mtu Malindi anataka kitanda," akasema. "Ni mti mmoja tu."

Nikairudisha turubai. Aibu. Hasira. Hofu zaidi.

Ijumaa, 14 Februari
Nikinyamaza, kila nyumba itadai mti wake mmoja tu. Nikisema, nyumba yangu je? Mwaka jana nilimzuia mjane Mbeyu asichukue tawi bichi. Alilitua, akaenda zake. Leo namwaza yeye tu.

Jumamosi, 15 Februari
Nimesema. Nilisimama mkutanoni nikataja jina la mume wangu.

"Una hakika, mwanangu?" Mama Dama akauliza.

"Mbao nimezishika kwa mikono yangu."

Adhabu ni ile ya kila mtu: apande miche hamsini, aimwagilie mpaka mvua. Mbao ni za kijiji. Niliporudi, Safari alikuwa amechukua nguo na msumeno, amekwenda kwa kaka yake Mariakani. Hakuniaga.

Jumanne, 18 Februari
Kadzo anauliza baba yuko wapi. Majirani wengine hawaniangalii. Wengine wananiangalia mno. Sijuti. Naumia tu.

Jumamosi, 22 Februari
Amerudi. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Dama kuomba miche.

Jioni alikaa mlangoni, akasema bila kunitazama: "Kule kwa kaka maji yanaletwa kwa mkokoteni. Mke wake anayasubiri tangu alfajiri. Siku mkokoteni usipokuja, hawapiki."

Nikampakulia ugali.

Jumapili, 16 Machi
Joto halina huruma. Anabeba maji asubuhi na jioni, mabega yamechubuka. Miche miwili ilikufa, akapanda mingine bila kuambiwa. Mwanzoni watu walimcheka. Sasa wanaume wawili wanambebea madumu. Mbeyu naye amekuja na dumu lake. Mbao amezigeuza madawati ya chekechea. Kazi safi, hata msumari mmoja haukukwaruzi.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua! Ya kwanza, kubwa. Ilipotulia, Safari akachukua jembe.

"Adhabu imekwisha," nikamwambia.

"Najua."

Akaenda kwenye miche yake.

Jumamosi, 10 Mei
Wageni leo. Wanawake wa kijiji cha pili, chemchemi yao imekauka, wamekuja kutuuliza tulifanyaje. Walikaa uani kwetu. Mmoja akauliza kama sheria zetu zinawabana wote, au wanyonge peke yao.

Safari akatangulia kujibu. "Mimi nilikata mti. Aliyenishtaki ndiye huyu anayewamiminia chai."

Kicheko uani kote. Yeye hakucheka. Alinitazama mbele ya watu wote, kichwa juu, kama mtu anayeonyesha kazi ya mikono yake.

Nikaingia ndani kutafuta sukari. Sukari ilikuwa mezani kwao.