Kipande cha Kumi Hatukukiona

Mama,

Jana tuliweka jiwe juu ya kaburi lako. Rabi alisoma zaburi, upepo ukampokonya kofia, akaifukuza kati ya makaburi huku akiendelea kusoma kwa moyo, bila kitabu. Nikacheka. Najua wewe ungecheka kabla yangu, na kwa sauti. Kila mmoja aliacha kokoto, kama desturi yetu ilivyo. Rahel, mjukuu wako, aliacha mbili na sikumwuliza sababu.

Leo nimekaa mezani kwako, hapa Observatory, Johannesburg, nakuandikia kwa Kiswahili. Lugha nyingine tunazo, tena nyingi mno, lakini hii ndiyo uliyonilelea Lubumbashi, dukani kwa Babu, katikati ya majora ya vitenge. Watu wa huku hushangaa wakisikia Wayahudi wanagombana kwa Kiswahili. Mimi sijui kugombana nawe kwa lugha nyingine, wala kukulilia.

Lakini sikukaa hapa ili nilie. Nina habari: darasa lako la Jumapili halijafa. Lilikaribia kufa, Mama. Lilikuwa linakata roho, nikalishika mguu.

Unakumbuka ulivyolianzisha? Familia zetu nyingi zilishahamia kaskazini ya jiji, karibu na shule za Kiyahudi na masinagogi makubwa. Wewe ukagoma. Ukawakusanya watoto sita wa wale tuliobaki huku, ambao shuleni kwao hawasikii hata herufi moja ya Kiebrania, ukawaingiza jikoni. Rabi alipokuja kukagua alitarajia vitabu, akakuta unga hadi kwenye nyusi. Watoto walikuwa wanafinyanga herufi kwa kinyunga cha mkate, wanazioka, wanazipaka asali, halafu wanazila huku wakizitaja. Akakuuliza kama hilo ni somo. Ukamjibu kwa Kiswahili chako, ambacho hakukielewa hata kidogo: "Mutoto anajifundishaka na mikono. Masikio inalalaka." Kisha ukampa herufi moja ya moto, akaila.

Na ile Sikukuu ya Vibanda mlipojenga kibanda nyuma ya nyumba, mkakiezeka kwa matawi, na ua la mjakaranda wa jirani likapenya likatua ndani ya supu. Mtoto mmoja akauliza kama supu imenajisika. Ulilitoa ua kwa kijiko, ukalipangusa, ukalichomeka kwenye nywele zako, ukaendelea kupakua. Watoto wale wote walikuita Nona, yaani bibi, kana kwamba uliwazaa mama zao.

Ulipoondoka, wazazi walikutana hapa sebuleni na kukubaliana upesi mno. Watoto wasome mtandaoni, walisema, ndiyo dunia ya leo. Wakapata mwalimu, mwanamke mpole anayeishi mbali huko kaskazini ya dunia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: anajua kazi yake. Baada ya miezi michache Rahel alikuwa anasoma Kiebrania vizuri kuliko mimi. Ila watoto walianza kupotea mmoja mmoja. Huyu kaelekeza kamera kwenye dari. Yule kaweka picha yake, ametulia kama mtakatifu, mwenyewe yuko nje anacheza mpira.

Kisha, wiki chache kabla ya Pasaka yetu, mwalimu akawaambia watoke nje, kila mmoja achume ua la kwanza la majira ya kuchipua alilete mbele ya kamera. Kwao ilikuwa hivyo. Kwetu, unajua mwenyewe, majani yalikuwa yanapukutika na asubuhi tulishaanza kuvaa sweta. Rahel alitoka, akazunguka uani muda mrefu, akarudi na jani kavu. Mwalimu alicheka, si kwa ubaya. Rahel akazima tableti. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba dini hii ni ya watu wa huko. Nona peke yake ndiye aliyejua kuifanya iwe ya hapa, na Nona amekufa. Kwa hiyo yeye ameacha.

Ana miaka kumi na mmoja, Mama. Mwakani anatakiwa asimame mbele ya watu kama binti wa amri, aliyefikia umri wa kuibeba dini yake mwenyewe. Niliingia bafuni nikalia mpaka nikachoka. Nilipotoka nilikuwa na hasira, na hasira hunifaa kuliko machozi, hilo nimelirithi kwako.

Nilimpigia yule mwalimu simu. Nikamwambia: dada, wewe shika kusoma, mimi nitashika mikono. Nilidhani ataudhika. Akashusha pumzi, akasema alikuwa anaona watoto wanamponyoka na hajui afanye nini kutoka mbali kiasi kile. Basi tukagawana. Jumatano anawafundisha yeye. Jumapili kila nyumba inafanya kazi mezani, wote wakiwa kwenye simu ya video, na sharti langu ni moja: kamera itazame mikono, isitazame uso. Hapo ndipo walipoacha kuzizima. Mtoto haoni haya kuonyesha mikono yake.

Jumapili ya kwanza nilizunguka na gari langu nikigawa machungwa na karafuu. Walichomeka karafuu kwenye maganda, wakatengeneza kila mmoja manukato yake ya kunusa tunapoiaga Sabato. Mama wa mapacha aliniambia nyumba yake yote inanuka pilau. Rahel hakugusa hata chungwa. Alikaa kwenye korido, mikono kwapani, akijifanya hasikii. Sikumlazimisha. Samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu ni samaki wa ukoo wetu, ana miba.

Ukafika usiku wa kutafuta chachu, tunapoondoa kila chembe ya mkate nyumbani kabla ya Pasaka. Nilisema hapa ndipo nitakapofaulu au nitakaposhindwa. Kila nyumba ilificha vipande vyake kumi vya mkate, vimefungwa kwenye karatasi, ili watoto wavitafute kwa mshumaa, unyoya na mwiko, kama ulivyofanya nasi. Wewe ulikuwa unaficha na kukumbuka. Mimi nilificha huku nikiwa na simu begani, nikimweleza mama wa mapacha afiche wapi vya kwake. Umeme ukakatika, zamu yetu ya mgao, ikabidi tutegemee bando la simu. Rahel akakubali kushika mshumaa kwa sababu tu hapakuwa na mtoto mwingine nyumbani.

Tukapata tisa. Cha kumi, Mama, hakuna. Nikajaribu kukumbuka, kichwa kitupu kama debe. Wenzetu walishamaliza, wakabaki wanatutazama na kupiga kelele kwenye kile kisimu. "Angalia kwenye kiatu!" "Nyuma ya friji!" Mmoja wa mapacha akasema, "Eish, Auntie, labda umekila!" Rahel akapanda kiti, akashuka, akalala chini ya kochi, akatoka na utando kwenye nywele, akaanza kucheka. Sikuwa nimeisikia ile sauti tangu tukuzike. Akapekua kabati lako la vitabu, akasimama ghafla, uso ukabadilika. Akasema polepole kwamba Nona angejua kilipo.

Kwenye simu pia wakaitikia: angejua. Walikuwa wote watoto wako.

Nilikuwa na taratibu tu. Nikawaambia kwamba kwa kinachobaki bila kuonekana tuna tamko letu, na anayelitamka lazima alielewe. Limeandikwa kwa Kiaramu; asiyekijua aliseme kwa lugha yake. Rahel akauliza Nona alilisema kwa lugha gani. Nikamwambia kwa Kiswahili, kila mwaka, akipunga unyoya kama anafukuza kuku.

Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula. Kiswahili anakisikia tu, hakisemi, anaona haya. Usiku ule alishika unyoya na kusema, akisimama kila baada ya neno: "Mukate yote yenye hatukuona, haiko yetu tena. Ikuwe mavumbi." Kiswahili chako kabisa, Mama. Lafudhi yako. Sijui alikiweka wapi miaka yote.

Kisha mapacha wakasema kwa Kizulu, kwa kupokezana. Mwingine kwa Kifaransa cha bibi yake. Waliobaki kwa Kiingereza, na mmoja akarudia mara mbili kwa sababu aliona la kwanza halikutoka vizuri. Mimi nililia waziwazi, kamera ikatazama mikono yangu ikikusanya vile vipande tisa, na hakuna aliyenicheka.

Nimekutafuta sana mwaka huu. Jikoni, kwenye simu ambayo bado ina namba yako, kwenye foleni ya magari pale roboti, hizi taa za barabarani, inapowaka nyekundu na mkono wangu unataka kukupigia. Nimeanza kukubali kwamba nimetafuta vya kutosha. Inaniuma kuliandika hilo, lakini ni kweli.

Na kazi inaendelea. Sikukuu ya Torati, ile ya kupamba kwa maua, imekaribia, na juzi Rahel alimpigia mwalimu yeye mwenyewe, bila kunitaka ruhusa. Akamwambia kwamba safari hii wanafunzi wa Johannesburg wataonyesha maua ya huku, mekundu, ya mishubiri inayochanua baridi ikianza, na kwamba mwalimu atafute ya kwake tuyalinganishe. Kisha akawapangia wenzake: nani alete nini, nani ashike simu. Nilipojaribu kuongeza neno akaniambia, "Mama, kaa pembeni kidogo."

Nimekaa pembeni, Mama. Kidogo.

Nakuahidi darasa hili halitafungwa mikononi mwangu. Sitahamia kaskazini kwa kuchoka, wala sitawaachia watoto skrini kwa uvivu. Mwakani Rahel atasimama mbele ya watu, na nitakuwa mstari wa kwanza na pua nyekundu.

Pumzika sasa. Huku tuna kazi.

Binti yako,
Lea