Nimemvunja Ilunga mkono kwa ajili ya saladi

Jumatano. Mvua inanyesha Kamina tangu asubuhi, na bega langu la kulia linauma kwa nilichofanya jana. Naandika haraka, kabla sijapata maneno ya kujitetea.

Jana nilimpiga mume wangu kwa bomba.

Mnaosoma hapa mnazijua saladi zangu za uani: mabomba sita yenye matundu, mizizi inaning'inia ndani ya maji, udongo hakuna. Chakula chao ni chumvi za mbolea ninazoagiza Lubumbashi, zinakuja kwa treni. Naziyeyusha katika bidoni mbili, madumu ya plastiki, na kila bidoni naimimina peke yake ndani ya pipa kubwa la maji. Ukizichanganya zikiwa bado kali, zinagandana kama chokaa.

Malaria ilinilaza siku tatu. Ilunga aliporudi kutoka kazini kwenye reli, akaamua kuilisha mimea mwenyewe. Akamimina bidoni zote mbili ndani ya ndoo moja, akakoroga, akatia pipani. Uji ule mweupe ukaziba pampu inayosukuma maji mabombani. Nilipotoka nje saa sita, jua kali, mabomba yalikuwa makavu na saladi zote zimelala. Nilikuwa nizivune Ijumaa.

Naye akaniambia, akitabasamu: "Mama Numbi, nimesha kulisha batoto yako."

Kipande cha bomba kilikuwa kimeegemea ukuta. Pigo la kwanza lilimpata kwenye kifundo cha mkono, nilisikia mfupa. La pili sikioni. La tatu alikuwa ameshaanguka, nikampiga mgongoni. Damu ikamshuka shingoni mpaka kwenye kola.

Hakuinua mkono kunirudishia.

"Ulikuwa na homa," akasema pale chini. "Minyi nilitaka kukusaidia tu. Weye haukunionyesha hata siku moja."

Ni kweli. Sikuwahi kumwonyesha. Nilipenda nyumba hii iwe na kitu kimoja ninachokijua mimi peke yangu.

Nilishainua bomba tena. Jirani yetu, Mama Ngoie, akanishika kiuno kwa nyuma akipiga kelele: "Unaua bwana yako! Acha!" Nilimpasua mdomo kwa kiwiko. Hakuniachia.

Hospitalini muuguzi akauliza imekuwaje. Ilunga akawahi kujibu: "Nilianguka ku wagon." Muuguzi akatikisa kichwa, akamfunga plasta.

Mimi nikanyamaza. Mimi, niliyeandika humu mara ngapi juu ya wanawake wanaosema wameanguka! Na nyinyi mkanipongeza.

Leo mchana nilimpikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa, nilimega tonge nimlishe. Nilipoinua mkono, alifumba macho, akaficha kichwa begani.

Mwanaume mzima, fundi wa reli.

"Weka tu pa sahani," akasema bila kunitazama. "Nitakula na mukono ya kushoto."

Nikaweka. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Kesho nitakwenda kumwomba Mama Ngoie msamaha, kisha nirudi kwa yule muuguzi nimwambie ni nani aliyemvunja Ilunga mkono. Nimeyaandika hapa mbele yenu ili nisiweze kurudi nyuma.

Lakini kuna jambo ambalo sina wa kumuuliza ila mimi mwenyewe: kama Mama Ngoie asingefika, ningeacha kwenye pigo la ngapi?