Oili Nyepesi Katika Pikipiki Yako

Mpendwa Baba,

Nimeshtuka mpaka nimekaa chini. Niko hapa nyuma ya nyumba, Kitengela, spana imeanguka kwenye nyasi.

Mnunuzi wa pikipiki yako anakuja leo. Haijaendeshwa tangu tulipokuzika, nami nikaona nibadilishe oili ya shokapu za mbele, ile miguu miwili ya springi inayomeza mashimo, pikipiki isizame pua akijaribu breki. Kazi hiyo ulinifundisha wewe.

"Oili huchagulii pikipiki, unachagulia mtu mwenye kuipanda," ulikuwa ukisema. Wewe na kilo zako, pamoja na saruji uliyobeba hadi Isinya, mlihitaji ile nzito, namba ishirini. Miaka yote hukuweka nyingine. Mimi nilikuwa wa kupima, kila mguu sawa na mwenzake, na ikizidi kidogo uliniambia nimwage nianze upya.

Lakini kuendesha ulikataa kabisa. "Wee shika spana. Usukani wachana nao, sitaki kukuzika." Nilikujibu vibaya, na wiki nzima hatukusalimiana. Halafu ukaugua, na jambo hilo hatukulizungumza tena. Miezi hii yote nimeishi nikijua uliondoka ukiwa umenikasirikia.

Sasa nimefungua nati ya chini, nikatega beseni nikingoja ule uchafu mweusi unaonuka samaki. Ikatoka oili safi, nyekundu, nyepesi kama maji. Nikafungua mguu wa pili. Ni ileile! Nikakimbilia sanduku lako la spana, na chupa nimeikuta humo, namba kumi, imebaki kidogo tu.

Namba kumi, Baba! Wewe ingekugongesha chini kwenye shimo la kwanza. Mama hajawahi kuipanda. Nyumba hii mtu mwepesi anayeitaka hiyo pikipiki ni mimi peke yangu.

Nimemuuliza Mama, naye ameshika mdomo.

"Kuna siku alitoka kwa kitanda, akanituma duka, akaniambia nisiharakishe," amesema. "Nilidhani anataka tu kukaa na pikipiki yake."

Mzee wewe! Ulishindwa nini kuniambia? Nimekulilia na kukugombeza kwa pamoja, majirani wamechungulia.

Mnunuzi amefika getini. Nimemwendea na mikono hivi hivi yenye oili, nikamwambia anisamehe, pikipiki iko na mwenyewe.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako.